Picha Isiyovikwa Koja

Picha ya Prithi Chand ilipotoka dukani kwetu mara ya kwanza ilikuwa imevikwa koja la maua ya manjano, na koja lile liliishia tumboni mwa ng'ombe wa muuza maziwa.

Mji wetu ni mji wa kambi, huku vilimani Kangra, na duka letu linatazamana na lango la jeshi. Baba alikuwa mchoraji wa askari, na babu kabla yake, mimi sikuulizwa. Askari mzima akija likizo tulimchora ameketi, amejikaza tumbo. Aliyekufa tulimchora kwa kutazama picha ndogo iliyoletwa na ndugu zake, na siku ya kuichukua tulivika fremu koja la maua, bure, mkono wa pole kutoka dukani. Kwetu picha yenye koja ni ya marehemu. Picha ya aliye hai haivikwi koja hata kwa mzaha, na hilo hata mtoto anayetambaa analijua.

Vita vya mwaka sabini na moja vilipokwisha tulichora marehemu mpaka rangi ya kijani ikaadimika sokoni. Mama mmoja wa kijiji cha juu alituletea picha ya mwanawe akilia hata kusema hawezi, nasi hatukumwuliza zaidi. Aliyekuja kuchukua kazi ilipokwisha alikuwa mkwewe, Reshmo, mke wa huyo Prithi Chand. Alikuwa msichana bado, bangili nyekundu za harusi zimejaa mikono yote miwili, viatu vimetapakaa tope la njia ya kijijini. Nikampa picha kwa mikono miwili, uso nimeuinamisha kama nilivyofundishwa.

"Hiki nini?" akauliza.

"Koja, dada. La heshima. Halilipiwi."

"Nani amekufa?"

Nikaitazama picha, nikamtazama na yeye. "Tumesikia mumeo alikuwa Chamb, mpakani, kwenye mapigano."

"Alikuwa Chamb. Mimi nimekuuliza nani amekufa."

"Dada, jeshi limesema..."

"Jeshi limesema haonekani. Hata mbuzi wangu huwa haonekani, kesho yake namkuta kwenye shamba la watu. Sijawahi kumwekea matanga."

Akalinyakua koja, uzi ukakatika, akalitupa barabarani, na ng'ombe hakungoja kukaribishwa. Kisha akaifunga picha kwenye shali yake akaondoka bila kuaga. Nyuma ya pazia baba alicheka mpaka akakohoa.

"Huyo ndiye mteja," alisema. "Wengine wote kazi yao kulia tu. Huyo ameangalia picha."

Niseme kidogo juu ya kazi yetu, maana watu hudhani mchoraji huanza na uso. Sisi tulianza na nguo. Siku za mvua, wateja hawapo, tulichora miili ya askari ndani ya sare, kuanzia shingo hadi miguuni, tukaiegemeza ukutani ingoje vichwa. Nyuma kabisa ilikuwapo ile ya enzi za babu: kaki, vilemba vilivyosimamisha ncha kama jogoo juu ya nafasi tupu ya kichwa, vitambaa vya kuzungushia miguu hadi magotini. Hiyo ilichorwa kwa ajili ya vijana waliopelekwa kupigania mfalme wa watu wengine katika tope la nchi ambazo mama zao hawakuweza kuzitaja. Wengi hawakurudi kuwekewa nyuso. Baada yake ilikuja miili ya baba, mashati ya kijani ya vita vya msituni Burma, yenye taji la mfalme kwenye vifungo. Mfalme alipoondoka, baba aliketi wiki nzima anakwangua mataji kwa kisu na kuchora simba wa serikali mpya mahali pake. Alisema hakuwahi kufanya kazi iliyomfurahisha vile, wala iliyomuumiza macho vile. Mimi nimekua kati ya miili isiyo na vichwa na sikuwahi kuiogopa. Niliionea huruma tu, kwa vile ilivyosimama imejipanga kila siku bila mtu wa kuijia.

Miaka michache ikapita. Baba alikuwa amefariki, na koja lake nimeshalitundika mwenyewe. Reshmo akaingia dukani na picha ile ile imefungwa kwenye shali.

"Ana tepe moja," akasema. "Weka ya pili."

"Ya pili ya nini?"

"Wote walioingia naye jeshini wana tepe mbili sasa. Nimewaona likizo. Hata yule mpumbavu wa kijiji cha chini anazo mbili."

"Dada, tepe haziongezeki zenyewe kama maboga. Mtu hufanya kozi."

"Atakuwa amefanya."

"Wapi?"

"Huko aliko."

"Na nani aliyempandisha cheo?"

"Wewe," akasema, akavuta kigoda akakaa. "Leo. Fanya upesi, nina ng'ombe wa kukama."

Mimi ni mtu wa hasira za haraka, na kwenye mambo ya sare sipendi masihara. Nimewahi kumfukuza meja dukani kwa sababu alitaka utepe wa medali ambao si wake. Lakini nilishika brashi nikachora tepe ya pili, na niliichora vizuri, kivuli chake kikianguka kwenye mkunjo wa mkono kama inavyotakiwa. Nilidhani tumemaliza.

"Na uso?" akauliza.

"Uso una nini?"

"Ni wa kijana. Wenzake wameanza kupata mistari hapa." Akagusa pembe ya jicho lake.

"Nitajuaje mistari yake iko wapi? Sijawahi kumwona."

"Mmezaliwa mwaka mmoja. Nimemwuliza mama yake na nimeuliza jirani yako."

Akaniachia picha. Jioni nilitoa kioo changu cha kunyolea, nikakisimamisha kando ya picha, nikachungulia pembe ya jicho langu. Palikuwa na mistari. Sikuwa nimeiona. Nikaihamishia kwa Prithi Chand, mmoja baada ya mwingine, na macho yenyewe nikayaacha kama yalivyokuwa, kwa sababu macho sikuwa na haki ya kuyagusa.

Ndivyo ilivyoanza. Kila baada ya miaka michache alikuja. Tepe ya tatu. Kisha nyota ya kwanza begani, na hapo tulibishana hasa, maana nyota si mchezo. Kofia ilibadilika, nikaibadilisha. Jeshi likaanza kuvaa madoadoa ya majani, akaja kuniuliza kama Prithi naye ayavae. Nikamwambia ya madoadoa ni ya kazini, picha ya ukutani huvaa kijani safi, akakubali. Mara moja nilijipendekeza nikamchorea utepe wa ushujaa bila kuagizwa. Aliuona kabla hajakaa.

"Toa hicho."

"Ni zawadi, dada."

"Hakuwa shujaa. Alikuwa anaogopa chura. Usiku wa harusi chura aliingia chumbani, nikamtoa mimi." Akatazama pembeni. "Mchore alivyo."

Rangi ilirundikana juu ya rangi. Ukipitisha kidole kwenye shavu la picha ile unausikia unene wake, kijana chini, koplo juu yake, sajini juu ya koplo. Na kila safari nilitoa kioo kile kile cha kunyolea.

Sitazunguka: nilimpenda. Ulikuwa mwaka wa tepe ya tatu, na alikuwa ameketi kwenye kigoda anachambua mchele wa watu alioubeba, kwa sababu hakujua kukaa bure. Alikuwa peke yake kwa namna niliyoielewa. Kijijini walitaka kumfunika shuka na shemeji yake mdogo, Kashmir Singh, maana desturi yetu inamruhusu mjane kurithiwa hivyo. Alikuwa amewaambia hapana, shuka hufunikwa mjane, na mjane hapa hayupo. Kashmir alitahayari mbele ya ukoo mzima. Baadaye alimwoa Nirmala, mwanamke mwema, na wote wakaishi ua mmoja. Wanawake wa kisimani walimwita Reshmo mke wa picha. Mimi nami ndugu walinitafutia wachumba hadi wakachoka. Wakasema rangi imenipanda kichwani. Nilipika chakula cha mtu mmoja, nikala nimesimama.

Nilikuwa nimepanga maneno ya kumwambia. Nilikuwa nimeyapanga vizuri, na nilingoja aje. Akaja mwezi wa nane, siku ambayo dada huwafunga kaka zao uzi mkononi. Sikuwa nimeikumbuka siku yenyewe, kwa kuwa dada yangu wa pekee ameolewa mbali na alikuwa ameacha kunitumia uzi.

"Nyosha mkono, kaka," akasema.

"Mkono upi?"

"Wa kulia. Kwani hujui? Mimi sina kaka, wazazi wangu walinizaa mmoja. Watu wameanza kusema juu ya kuja kwangu hapa. Kuanzia leo hawatasema."

Niliunyosha. Ningefanya nini? Alinifunga uzi mwekundu, akakaza fundo kwa meno, akanitilia kipande cha kitu kitamu mdomoni kama desturi. Nikakitafuna muda mrefu. Hakikuwa na ladha yoyote. Nikampa zawadi ya kaka, brashi mpya nyembamba kwa kuwa sikuwa na kingine, akaipokea akicheka na kusema ataitumia kupaka mafuta kwenye mikate. Maneno niliyokuwa nimeyapanga sijayasema hadi leo. Kila mwezi wa nane tangu siku ile alikuja na uzi, kuwe na mvua au jua, na kila mwaka niliuvaa mpaka ukaoza wenyewe.

Nirmala, ambaye wakati mwingine alikuja kwangu na picha za watoto wake, ndiye aliyenisimulia habari ya mfungo. Wake wa kwetu hufunga siku moja kwa mwaka kwa ajili ya uhai wa waume zao, bila hata tone la maji, na mwezi ukichomoza kila mmoja huutazama kupitia chekecheo, kisha humtazama mumewe usoni ndipo anywe. Reshmo alifunga kila mwaka. Alikuwa akiitoa picha uani, anaiegemeza kwenye shina la mlimau, anautazama mwezi, kisha anaitazama picha. Wenzake walijifanya hawaoni, wakamcheka wakiwa njiani kwenda kwao.

"Na yeye?" nilimwuliza Nirmala.

"Yeye hunywa maji yake, anairudisha picha ndani, anakula. Hula vizuri sana siku hiyo."

Nilifikiri juu ya jambo hilo kwa muda mrefu. Macho yalikuwa ya Prithi. Mengine yote aliyokuwa akiyatazama baada ya mwezi, paji la uso, mashavu yaliyoanza kulegea, mfereji kando ya mdomo, yalikuwa yangu. Nilikuwa pale uani kila mwaka na sikualikwa.

Kisha mwaka mmoja, sote tumeshaota mvi, aliingia na picha mkono mmoja na furushi mkono mwingine. Alikuwa amekonda. Alipumua kwanza kabla ya kusema.

"Mvue," akasema.

"Nimvue nini?"

"Sare. Umri wake wa kustaafu umepita. Wenzake wote wako nyumbani wanagombana na nyani kwenye mahindi. Yeye peke yake bado umemkaza mkanda."

Niliweka brashi chini. "Dada, mimi nguo ya mtu ndiyo ninayoijua. Nikimvua sare nitabaki na nani?"

"Utabaki na Prithi."

Akafungua furushi. Lilikuwa sweta la sufu ya kijivu, nene, la kufuma kwa mkono. Kila msimu wa baridi alimfumia moja, akaliweka sandukuni. Nondo wakala la zamani, akafuma jipya. Akaniambia nimchore na hilo, na kofia ya kwetu yenye ukanda wa rangi. Nikasema siwezi kuchora sweta lililokunjwa, sioni linavyoanguka mwilini.

"Basi livae, nione."

Nikalivaa. Lilinukia majani ya mwarobaini aliyowekea nondo. Nikasimama katikati ya duka langu, mikono imening'inia, mzee mzima kama mvulana anayepimwa na fundi cherehani. Alinitazama kuanzia shingoni kushuka chini, kisha akaugeukia mlango, akatazama lango la kambi.

"Mabega yake ni mapana zaidi," akasema hatimaye.

"Nitayapanua."

"Na wewe unazeeka vibaya. Yeye mchore anazeeka vizuri."

"Ni kazi ngumu hiyo, dada, maana kielelezo ni kimoja."

Nilitania tu, kisha nikajuta. Hakucheka. "Najua," akasema. "Najua tangu zamani kwamba unatumia kioo. Unadhani mimi kipofu? Kovu lako la kidevuni ulimpa na yeye mwaka wa nyota ya kwanza." Akalikunja lile shali lake, akalikunjua, akalikunja tena. "Ningefanyaje, kaka? Wewe ndiye mwanamume pekee niliyemwona akizeeka."

Nikavua sweta nikalikunja polepole.

Alipoinuka kwenda alishika mlango. "Kuna jambo nakuachia. Mimi nitatangulia, daktari wa kambi amesikiliza kifua changu akanung'unika. Kashmir atataka kunivika nyeupe. Nimekaa na bangili zangu maisha yote, nimechekwa kwa ajili yake, na sitaki kuvuliwa nikiwa siwezi kusema. Nitoke na nyekundu. Mke anayekufa mumewe yuko hai hutoka na nyekundu. Usiwaachie."

"Sitawaachia."

"Niapie."

Nikaapa. Kwetu kutoka na nguo nyeupe ni kusema mbele ya kijiji kizima kwamba ulikuwa mjane na ulijidanganya. Alichoomba kilikuwa hicho tu, na mimi nisiye na jina katika ukoo ule nilikuwa nimekiahidi.

Alikufa msimu wa baridi, theluji imeshuka karibu na mji. Nirmala alinipigia simu asubuhi, sauti ya chini. "Fundi, dada yako ametuacha. Mume wangu ametuma mtu sokoni kuleta nyeupe." Akakata kabla sijasema kitu.

Nilifunga duka. Kwa muuza nguo nilichukua nyekundu, ile ya maarusi yenye uzi wa dhahabu pembeni. Akaniuliza nani anaolewa. Nikamwambia dada yangu anaondoka. Njia ya kijijini ilikuwa na barafu na nilianguka mara moja, nikainuka.

Uani wanaume walikuwa wameketi upande wa jua, wanawake wamejaa mlangoni. Kashmir Singh alikuwa amesimama na kitambaa cheupe begani. Alikuwa mzee sasa, mstaafu mwenyewe, ana masharubu yaliyopindwa vizuri. Aliona nilichoshika, uso ukamkunjamana.

"Fundi, rudi na hicho. Hatuna harusi hapa."

"Nimemletea dada."

"Miaka yote hiyo! Kaka yangu ameshakuwa udongo wa Chamb, mimi na wewe tunajua. Alimfanya mama aishi kwa kuchungulia njia. Alinifanya mimi..." Akaacha. "Imetosha. Leo ukweli utasemwa. Na kwani wewe ni nani hapa? Mpaka rangi."

Hasira yangu ilipanda, ile ile ya kumfukuza meja, na kwa mara ya kwanza maishani nikafurahi kuwa nayo. Nikapandisha mkono wa koti. Uzi wa mwezi wa nane ulikuwa bado upo, umefifia ukawa rangi ya matofali.

"Mimi ni kaka yake," nikasema. "Nguo ya mwisho ya mwanamke hutoka kwao alikozaliwa, haitoki kwa mume. Wewe, Kashmir, mama yako alipokufa, nguo ililetwa na nani?"

"Mjomba," akasema mzee mmoja kwenye jua, akijibu badala yake.

"Basi mjomba ni mimi."

Wanawake wakanong'ona. Mmoja akasema kwa sauti, "Ni kweli, amekuwa akimfunga uzi tangu hawa wangu hawajazaliwa." Kashmir aliwageukia, akanigeukia mimi.

"Haya, wewe ni kaka. Kaka huleta nguo, lakini rangi yake inategemea mume. Nyekundu huvikwa mwenye mume. Mume yuko wapi? Nionyesheni!"

Hapo Nirmala aliingia ndani. Alitoka amebeba picha, akaisimamisha kwenye shina la mlimau, mahali pake pa kila mwaka. Mzee mwenye sweta la kijivu na kofia ya kwetu akatutazama wote kwa macho ya kijana. Fremu ilikuwa imefutwa vumbi. Haikuwa na kitu shingoni.

"Koja lake liko wapi?" Nirmala akamwuliza mumewe.

"Unasemaje?"

"Picha hii imekaa ukutani tangu ulipokuwa kijana. Wewe ndiye mwanamume wa nyumba. Kila mwaka unazivika koja picha za wazazi wako, mbele ya macho yangu. Huyu umewahi kumvika? Siku moja?"

"Mama alinikataza."

"Mama amekufa zamani. Baada ya hapo nani alikukataza?"

Kashmir Singh alifungua mdomo. Aliitazama picha ya kaka yake, na masharubu yale yakaanza kutetemeka. Nilidhani atamtukana mkewe. Alikaa chini kwenye theluji iliyokanyagwa, mzee wa watu, akajifunika uso kwa kile kitambaa cheupe.

"Niliwaza, akirudi akakuta nimemvika koja," akasema ndani ya kitambaa. "Angesemaje?"

Nirmala alinipokea nguo nyekundu mikononi, akaingia nayo kwa marehemu, wanawake wakamfuata.

Walipomtoa alikuwa amevikwa kama siku alipoletwa kijijini, bangili mikononi. Likabaki jambo moja. Mke wa mume aliye hai hutiwa na mumewe unga mwekundu kwenye njia ya nywele, mara ya mwisho, kabla ya kubebwa. Nirmala alishika kikopo cha unga akasimama, hajui la kufanya. Kisha akanitazama.

"Shika picha, fundi. Wewe ndiye uliyemzoea."

Nikaiinua mlimauni, nikaishikilia kifuani nimeuelekeza uso wa Prithi kwa mkewe, nikapiga goti kando ya kitanda cha mianzi. Nirmala akachovya kidole, akagusisha unga kwenye picha, shavuni, kisha akauvuta kwenye njia ya nywele za Reshmo, zilizokuwa nyeupe zote. Nilikuwa karibu naye kuliko nilivyowahi kuwa. Mikono yangu ilikuwa imejaa fremu na sikuweza kujifuta macho. Bibi mmoja wa kisimani, katika wale waliokuwa wakimcheka, aliitazama picha, akanitazama mimi kwa juu yake, akaitazama tena picha. Akavuta mtandio wake ukafunika uso.

Tulimbeba na nyekundu. Kashmir alishika upande wa mbele.

Baada ya siku za matanga Nirmala alikuja dukani na furushi. Alisema nyumbani wamekubaliana kwamba picha haiwezi kubaki, kwa sababu Kashmir anashindwa kula akitazamwa nayo, na kumvika koja bado hawezi. Ilikuwa imefungwa ndani ya lile sweta la kijivu. Sweta sijalivaa. Mabega yake ni mapana.

Picha nimeitundika ukutani, juu ya ile miili ya kaki ya babu isiyo na vichwa. Doa jekundu la shavuni sikulisafisha. Siku hizi askari hawaji sana, wana picha zao kwenye simu. Wakiingia ni kuuliza njia au kujikinga na mvua, na humaliza kwa kuangalia ukutani.

"Huyu mzee ni ndugu yako, baba?" huniuliza. "Mmefanana."

"Shemeji yangu," nawaambia. "Mume wa dada."

Wao ni watu wa huku. Hutazama shingo ya picha, wakaona haina koja, wakauliza kwa adabu yuko wapi siku hizi.

"Hajarudi bado," nawajibu. "Namngoja."